Nusu Saa ya Kimya

Jua halijachomoza vizuri, na Zuhra ameshapanda dungu, kichanja kirefu cha kufukuzia ndege, kombeo mkononi, simu imefungwa kwenye pindo la kanga. Ndege walikuwa wameshaanza kutua. Alirusha bonge la udongo, akavuta kamba ya makopo, akapiga kelele hadi koo likakwaruza. Upande wa pili wa shamba mama yake, Mwanamina, alikuwa anapiga za kwake.

"Haaa! Swaaa! Tokeni, hamkulima nyinyi!"

Bonde zima lilikuwa linapiga kelele. Kulikuwa na madungu kumi na saba, kila moja na mtu wake, na kelele ya mmoja ilipokewa na wa jirani, ikaenda hivyo mpaka mtoni na kurudi. Ndivyo watu wa huku wanavyoamia ndege mpunga unapokaribia kuvunwa. Hakuna aliyeruhusiwa kunyamaza, maana ndege wakisikia shamba lina kimya, ndilo wanaloliteremkia.

Zuhra alikuwa na miaka ishirini na minane na cheti cha uuguzi. Alikuwa pia na maombi ya viza ya kuhamia nchi moja ya mbali ambayo mama yake hakujali jina lake. Aliiita Barafuni, na bonde zima likafuata. Maombi hayo yalikuwa na miezi kumi na moja. Kila asubuhi Zuhra alifungua ukurasa wake kwenye simu, akakuta mstari uleule: Maombi yako yanashughulikiwa. Chini yake, kwa herufi ndogo, waliandika kwamba mwombaji mwenye barua ya ajira atatazamwa mapema.

Basi akaanza kutafuta kazi kabla ya viza. Aliandikia nyumba za kutunzia wazee huko Barafuni, moja baada ya nyingine. Nyingi zilikaa kimya. Zilizojibu zilisema apate viza kwanza. Moja tu ilisema watazungumza naye kwa video, leo, saa kumi na moja jioni, nusu saa.

Saa tano ndege walipopungua, alishuka akaenda zahanati ya kijiji. Hapo alikuwa anajitolea mwaka wa tatu sasa. Kujitolea, kwa asiyejua, ni kufanya kazi zote za mwajiriwa isipokuwa ile ya kupokea mshahara. Watoto aliowapokea mwaka wa kwanza sasa walikuwa wanatembea na kumwamkia shikamoo.

Mganga mfawidhi, Abdulrazaq, alikuwa anajaza fomu za ripoti. Si mtu mbaya, lakini kila alilotaka kufanya alilitafutia kwanza karatasi ya kulikataza.

"Bosi, naomba chumba cha chanjo leo jioni, nusu saa tu," Zuhra alisema. "Nina usaili, na mtandao unashika pale."

"Chumba cha chanjo ni cha serikali. Usaili wako ni wa serikali?"

"Hapana."

"Umeona sasa."

"Na ile barua, ya kusema nimefanya kazi hapa?"

Abdulrazaq aliweka kalamu chini. "Zuhra, barua naandika ya mtumishi. Wewe jina lako halimo kwenye orodha. Wakija wakaguzi wakaniuliza huyu ni nani, niwaambie nini?"

Kabla Zuhra hajajibu, sauti ya mwanamke ilitoka chumba cha kujifungulia. "Sista Zuhra! Sista Zuhra, mtoto huyu anakuja!"

"Nenda," Abdulrazaq alisema, akarudi kwenye fomu zake. "Wanakuita."

Alikwenda. Kitanda cha kujifungulia kilikuwa kimoja, na mguu wake mmoja ulisimama juu ya tofali. Mtoto alizaliwa saa tisa kasoro, wa kiume, akakaa kimya kwa muda ambao Zuhra hakupumua, kisha akalia. Kila mara alistaajabu. Aliwapokea wengi, na bado kilio cha kwanza kilimpa baridi mgongoni.

Njiani kurudi alisikiliza ujumbe wa sauti wa Ashura, rafiki yake wa chuoni aliyeko Dar.

"Shoga yangu, wakikuuliza viza, wewe sema imetoka. Usilete ushamba. Wakishakupa barua, unaipeleka, viza inatoka kweli, nani atajua? Utakuwa umewahi kidogo tu."

Zuhra aliusikiliza mara mbili. Alijizoeza kwa Kiingereza huku anatembea: ndiyo, imetoka, ndiyo, imetoka. Kufika shambani, neno lilikuwa linateleza lenyewe.

Pasipo chumba cha chanjo, mtandao ulishika mahali pamoja tu, juu ya dungu lao, kwa kuwa lilisimama kwenye boriti ndefu za mikoko zilizoletwa kutoka delta, mto unapoingia baharini. Lakini dunguni kuna kelele, na saa kumi na moja ndipo ndege wanapokuja kula mara ya mwisho kabla ya kwenda kulala. Alikuwa amewaza hilo siku nzima bila kupata jibu.

Alimkuta mama yake anakuja juu ya matuta, kanga imelowa mpaka magotini.

"Nimezungumza nao," Mwanamina alisema.

"Nani?"

"Wote. Nimepita dungu kwa dungu. Saa kumi na moja mpaka na nusu hakuna atakayefungua mdomo. Dadi wa ng'ambo ya mfereji kasema hata kikohozi atakimeza."

"Mama! Na ndege?"

"Ndege watakula. Wanakula kila siku, mwanangu. Usaili ni leo."

Zuhra alishika nguzo ya dungu. Alipanda, akavaa gauni lake jeupe la uuguzi juu ya kanga, akaegemeza simu kwenye debe.

Saa ilipofika, kelele za bonde zilikatika. Zilianza kukatika mtoni, dungu baada ya dungu, mpaka la kwao. Zuhra alizaliwa katika bonde hili na hakuwahi kulisikia hivi. Alisikia maji yakitembea mferejini. Alisikia mpunga wenyewe, masuke yakigusana. Aligeuka akawaona watu wamesimama kwenye madungu yao, makombeo yananing'inia mapajani, na wote wanatazama upande wake. Mwili ulimsisimka, akaogopa kidogo, kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake ambebe.

Simu ikaita.

Kwenye kioo alitokea mama wa makamo, nywele nyeupe, miwani imening'inizwa shingoni kwa uzi. Alijitambulisha kwa jina la Helen. Aliuliza taratibu na Zuhra akajibu kwa Kiingereza chake cha chuo: namna ya kumwogesha mtu asiyeweza kuinuka, namna ya kumlisha anayekataa kula, unafanya nini mzee akikutukana. Helen alikuwa anaitikia kwa kichwa na kuandika.

"Ngoja nikuonyeshe chumba," alisema, akainuka na simu yake.

Palikuwa na dirisha kubwa, pazia, na kitanda. Helen alibonyeza kitufe, na kitanda kikainuka chenyewe upande wa kichwa, polepole, bila mtu kukigusa.

"Lo!" Zuhra alisema kwa Kiswahili.

Helen akacheka. "Viko arobaini. Kila mzee na chake."

Arobaini! Zuhra alilikumbuka lile tofali. Hakuona wivu. Alistaajabu tu kwamba jambo kama hilo linawezekana, kwamba mahali fulani watu walikaa wakafikiria mgongo wa muuguzi na mgongo wa mgonjwa, kisha wakatengeneza. Aliitaka kazi ile kwa moyo wote, aliitaka mpaka kifua kikamuuma.

Wakati huo ndege wakaja.

Walitokea kusini, wengi kuliko alivyowahi kuwaona, weusi juu ya mpunga wa manjano. Waligeuka wote kwa pamoja, mara huku, mara kule, maelfu na hakuna aliyemgonga mwenziwe. Walipita juu ya bonde mara mbili wakisubiri kelele. Kelele haikuja. Basi wakalimwagikia shamba la Dadi, na mpunga wa Dadi ukalala kwa uzito wao.

Dadi alikuwa amesimama. Zuhra alimwona vizuri, mkono umeshika kombeo, mdomo umefumba, anautazama mpunga wake ukiliwa.

"Tumekupenda, Zuhra," Helen alisema. "Limebaki swali moja. Viza yako imetoka?"

Neno lilikuwa ulimini, limeshalainika kwa mazoezi ya njia nzima. Lakini kimya hiki kilikuwa cha watu. Walikuwa wanakilipia kwa mpunga, suke kwa suke, mbele ya macho yake, na yeye atie uongo humo? Alishindwa.

"Bado," alisema. "Inashughulikiwa. Wakiona barua yenu, wataitazama mapema."

Helen aliishika miwani shingoni. "Lakini sisi barua tunampa mwenye viza. Ndio utaratibu."

"Sasa kinaanza kipi?"

Mama yule akaiachia miwani. "Sijui," alisema. "Hakuna aliyewahi kuniuliza. Subiri, nikaulize."

Kioo kikaonyesha picha ya maua, na muziki mwororo ukaanza kupiga. Zuhra alisubiri. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ndege sasa walikuwa kwenye mashamba matano, wameingia na la mama yake. Mwanamina alikuwa amekaa chini ya dungu, mdomo ameuziba kwa mikono miwili, kama anayejizuia asitapike. Zilibaki dakika kumi za ahadi. Zuhra alijua watazitimiza zote.

Muziki uliendelea kupiga. Hasira ikampanda, hasira kavu, hajui ya nani. Aliinuka na gauni lake jeupe, akajaza kifua.

"Haaaaa!"

Dadi aliipokea palepale. Wakaipokea wa mtoni, wakaipokea wa ng'ambo, makopo yakalia, na bonde zima likapaa. Ndege waliinuka mara moja kutoka mashamba yote, jua likafifia, na mvumo wa mabawa ukatikisa fito za dungu chini ya miguu yake. Hakuwa amewahi kuona kitu kikubwa kama kile, naye ndiye aliyekianzisha.

Alipoikumbuka simu, Helen alikuwa amerudi. Ameisogelea kamera, macho yamemtoka.

"Mungu wangu. Nini hicho?"

"Ndege. Na majirani zangu."

"Walikuwa wapi muda wote huu?"

"Walikuwepo. Walinyamaza ili unisikie."

Helen aliweka mkono mdomoni. Kisha akashika karatasi na kusoma, na sauti yake haikuwa ile ya kwanza. Nafasi itapewa mwombaji ambaye viza yake imeshatoka. Zuhra anakaribishwa kuomba tena baada ya yake kutoka.

"Samahani sana," alisema. Kisha kioo kikazima.

Zuhra alifungua ule ukurasa wake. Maombi yako yanashughulikiwa.

"Wamesemaje?" Mwanamina aliuliza kutoka chini.

"Wanataka viza kwanza."

"Na wa viza?"

"Wanataka barua kwanza."

Mwanamina alifikiri. "Na yule wa zahanati?"

"Yeye anataka jina langu liwe kwenye orodha."

Mama yake alipandisha kanga magotini. Aliingia ndani ya mpunga kutazama kilichobaki.

Ndege walikuwa wanaelekea delta kulala. Ng'ambo ya mfereji Dadi alikuwa katikati ya shamba lake, anainua masuke mepesi na kuyaachia. Alimwona Zuhra bado yuko juu, akaweka viganja mdomoni.

"Zuhraaa! Ilikuwaje?"

Zuhra alitikisa kichwa.

Dadi alisimama kidogo, akautazama mpunga wake, akamtazama yeye.

"Kama hawakukusikia vizuri," aliita, "mwambie mama yako atupitie tena asubuhi. Na kesho tutanyamaza!"

Zuhra alifungua mdomo amjibu. Sauti iliyoinua ndege wa bonde zima haikutoka. Alinyoosha mkono tu, akampungia, akaendelea kumpungia hata Dadi alipokwisha kugeuka.