Kilo Tano Zilizopotea Kwenye Mota

Ilikuwa siku ya huzuni kuu katika ukoo wetu, nami niliifurahia sana.

Baba mdogo, fundi mota anayejiita Injinia ingawa cheti chake hakuna aliyewahi kukiona, alirudisha mota ya mashine ya mama ya kusaga. Mota hiyo ilikuwa imeungua mara mbili mwaka huu, na mara zote mbili ni yeye aliyeisuka. Wateja walishaanza kuvusha magunia ng'ambo ya barabara, kwenda kwa mpinzani. Ikiungua tena, mama angefunga mashine.

"Nimeisuka kwa waya wa shaba tupu, shemeji. Hata umeme itakula kidogo."

Mama hupima kila kinachoingia na kutoka: mahindi, pumba, hata mimi nikirudi kutoka shule ya bweni. Akaisukumia mota kwenye mizani ya magunia.

"Ilitoka na kilo sabini na moja. Imerudi na sitini na sita."

"Nimeisafisha. Ni uchafu huo."

"Kilo tano? Ilikuwa mota au jalala?"

"Usinifundishe kazi!"

"Sikufundishi. Ifunge mahali pake, tusage."

Akaifunga. Mama akamimina gunia zima.

"Weka kiganja juu yake mpaka liishe. Ya shaba hupata joto la kuvumilika."

Injinia akaweka kiganja kwa heshima zote, kama anayekula kiapo. Gunia lilipofika nusu, jasho lilikuwa linamtiririka. Kabla halijaisha aliruka, akipuliza vidole.

Mama akazima umeme, akafungua kifuniko, akakwangua waya kwa kisu. Chini ya vanishi nyekundu, waya ulikuwa mweupe kama sufuria.

"Alumini."

"Siku hizi kila mtu anatumia."

"Kila mtu aunguze ya kwake! Unene ni ule ule, lakini umeme unapita humo kwa shida, na shida yote inageuka joto. Joto ninalolipia mimi! Lete shaba. Utasuka hapa hapa, nikikuangalia."

Alisuka siku mbili, amekaa chini kwenye vumbi la unga, mama akiwa kwenye stuli mbele yake. Maji ya kunywa aliniomba mimi.

Siku ya tatu mota ikanguruma.

"Umeridhika sasa?" aliuliza.

Mteja akaingia na debe lake kichwani. Mama akampita shemeji yake kama anavyopita nguzo, akaenda kulipokea.