Ndoo ya Des

Kama kuna kitu Noelene Hartwig hakukiamini katika mashamba yote ya Dalby, ni ndoo ya jirani yake. Kila asubuhi Des Kuhl aliingia kwenye mtama wake, akayakung'uta masuke ndani ya ndoo nyeupe, akachungulia, akatabasamu, kisha akarudi zake kunywa chai. Dawa hapulizi. Sasa mtu mzima na akili zake anaonaje viwavi kwenye mazao yake, akacheka?

Kikulacho ki nguoni mwako, na Noelene alikuwa na sababu zake. Kaburi la mumewe, Merv, halijakauka, Des alishakuja kuulizia shamba. Mwaka jana pamba ya Noelene iliharibika. Ikiharibika tena itabidi auze, na mnunuzi anajulikana.

"Viwavi kwako ni wachache mno, subiri kupuliza," alisema Fiona, mkaguzi wa wadudu.

"Na kwenye mtama wa Des?"

"Wapo. Lakini na wanaowala wapo."

"Na yeye unamkagulia, siyo?"

"Nawakagulia wote huku, Noelene."

"Ahaa. Basi nimeelewa."

Alhamisi akamfuma. Des alisimama kwenye uzio, akainua ndoo juu ya waya, akaimwaga upande wa pili, juu ya pamba ya Noelene! Akaigonga gonga kitako isibaki kitu. Noelene hakwenda kuuliza, mwizi haulizwi. Alimpigia simu rubani wa ndege ya dawa.

"Leta ile kali," alimwambia. "Isibaki roho hata moja."

"Fiona amekubali?"

"Pamba ni ya Fiona?"

Kesho yake ndege ikapita chini chini juu ya pamba, na Noelene akalala usingizi mtamu.

Utamu haukudumu. Nzi weupe, ambao dawa ile haiwatishi, walijaa chini ya majani mpaka ukigusa mche wanapaa kama unga uliopeperushwa. Majani yakaanza kunata kwa kinyesi chao. Wiki chache zijazo vitumba vya pamba vingepasuka, na pamba inayonata hakuna kiwanda kinachoitaka.

Alishuka uzioni akiwa na matusi yake tayari. Ardhini, palepale Des alipomwaga, vidudu wekundu wenye madoa walikuwa wamelala chali, wamekauka, na nyigu wadogo pamoja nao. Kiwavi hata mmoja hakumwona. Matusi yakamkauka mdomoni.

Des alikuja taratibu, ndoo mkononi.

"Ulikuwa unanimwagia hawa?"

"Ulidhani nini? Kila mwaka mimi na Merv tulifanya hivi. Mtama unawalea, kwenye pamba wanawala nzi na viwavi. Nilijua alikwambia."

"Merv! Huyo hata siku yake ya kuzaliwa hakuniambia." Aibu ilimpanda mpaka masikioni. "Des, nimekukosea vibaya. Nikung'utie wengine. Nitabeba mwenyewe."

Des aliinamisha suke la mtama lililo karibu, akalikung'uta, akamwonyesha ndoo. Ndani mlikuwa na makapi tu.

"Mtama umekauka," alisema. "Ukikauka huwa wanahama wote, na kukung'uta si lazima tena."

"Wanahamia wapi?"

Des aliitazama pamba ya Noelene, halafu akamtazama mwenyewe.

"Walishahamia kwako, Noelene. Tangu Alhamisi ile, kabla ya ndege yako."