Walioacha Dizeli

Nilikuwa nimechoka kabla hata lori la kutoka Lodwar halijanishusha Kakuma. Miezi mitano nilikuwa nikienda na kurudi kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili: kwa nini wafanyabiashara wa kambi ya wakimbizi huweka fedha zao kwenye jenereta za dizeli badala ya sola. Profesa wangu wa Nairobi aliliona hilo kuwa fumbo kubwa. Mimi niliona vumbi.

Lakini Februari hiyo ya 2013, niliporudi kwa mahojiano ya pili, mambo yalianza kunyooka. Siku ya kwanza tu nilikuta wanane walioacha dizeli. Nikampigia profesa, akacheka kwa furaha.

Kesho yake nilianza na Nyakim, mama wa Sudan Kusini aliyeuza soda baridi na kuwauzia majirani umeme wa taa. Nilimkuta amekaa kibandani. Friji ilikuwa wazi, ndani amepanga nguo za watoto.

"Ejok, mama," nikamsalimu kwa Kiturkana. "Jenereta iko wapi?"

"Nimeuzia jirani, Majok. Bei ya kutupa." Akanipa kadi yake ya chakula. "Sasa andika. Mimi hapana jenereta tena. Sola inakuja lini?"

"Sola gani?"

Akanieleza polepole, kama ndiye mwenyeji na mimi mgeni. "Mwezi wa tisa uliandika namba ya kadi. Hapa mtu akiandika namba ya kadi, kitu inakuja. Halafu ukauliza, 'Una jenereta?' Mwenye nayo atakatwa kwa orodha. Watu wote wanajua."

Kuuliza si ujinga, walisema wahenga. Hawakuiona hojaji yangu. Namba ya kadi niliichukua ili nisimhoji mtu mara mbili, basi. Nami ni Mturkana niliyekulia kwenye foleni ya mahindi ya msaada. Mama yangu, Awoi, alikuwa akiwaficha mbuzi korongoni kila waandikishaji walipofika. Nilipaswa kujua kuliko mtu yeyote. Niliona aibu, nikashindwa hata kumtazama.

"Mama, sola haiji. Hii ni ya masomo tu. Nilikuambia."

"Ulisema. Wote wanasema hivyo, ili watu wasijae."

"Mimi nilisema kweli."

Hakupiga kelele, heri angepiga.

"Na hiyo masomo, itakupa kazi?"

"Labda."

"Basi andika vizuri," akasema, akachukua kadi yake, akaanza kukunja upya nguo zilizokuwa zimekunjwa tayari.

Nilitoka nikakaa kwenye kreti tupu la soda mlangoni kwake. Nikazitoa zile fomu nane za jana, nikazipitia moja moja. Kila moja ilikuwa na alama yangu safi, ameacha dizeli. Hakuna hata mmoja niliyemuuliza kwa nini.