Dakika Mbili za Salamu

Mkufunzi Chrispine alikuja kutoka Nairobi na slaidi mia moja na kumi, na zote alizisoma kwa sauti. Siku nne nzima, katika ukumbi wa kanisa pale Mjambere, aliwafundisha watu ishirini jinsi ya kumwuliza mtu maswali. Kafedha wa Magogoni alikuwa amehoji watu miaka minane bila cheti, na mwaka huu mashirika yalikuwa yamesema asiye na cheti asijisumbue kuomba kazi. Kwa hiyo alikaa mstari wa mbele akinakili kila neno, mpaka kikohozi cha mkufunzi.

"Salamu ni dakika mbili," Chrispine alisema. "Ukizidisha unamyumbisha mhojiwa. Tunataka data safi."

Data safi! Ungedhani hufuliwa na kuanikwa.

Mtihani ulikuwa wa nyumba mbili. Kwenye nyumba ya kwanza, ya mzee mmoja wa Mtopanga, Kafedha alipiga hodi, akaamkia, akaulizwa za nyumbani, akauliza za hapo, akapewa habari za goti linalouma na za mazishi ya juzi, akatoa pole kama mtu aliyelelewa. Alipofungua hojaji, dakika kumi na tisa zilikuwa zimekwenda. Mzee alimjibu yote bila kuficha kitu. Chrispine, aliyekuwa langoni na saa ya simu, alimpa sifuri.

Lenox, mwanafunzi mwenzake aliyehamia kutoka bara mwaka jana, alimaliza nyumba yake kwa dakika kumi na moja. Jioni hiyo hojaji yake ikarushwa ukutani kwa projekta iwe kielelezo: mwanamke wa Magogoni, watoto tisa, mbuzi kumi na wanne. Jina lilikuwa limefichwa, kama maadili ya utafiti yanavyotaka, ila picha ya mlango iliachwa. Kafedha aliujua mlango ule. Ulikuwa wa jirani yake, Mama Jumwa, mjane mwenye mwana mmoja na chumba kimoja, ambaye hajawahi kufuga hata kuku.

Akampitia akielekea nyumbani. Mama Jumwa alikuwa akishona makuti, akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Kaingia hata hodi hakupiga, aniuliza nimezaa wangapi! Mtu hajaniamkia, nimwambie ukweli wa nini? Nikampa tisa. Akataka mbuzi, nikampa mbuzi. Alifurahi huyo! Mtaa mzima ndivyo tunavyowafanya."

Asubuhi Kafedha akamweleza Chrispine.

"Una nyumba ngapi za ushahidi?" Chrispine akauliza. "Moja? Huo si utafiti, ni umbea. Lakini vizuri, sayansi hurudia. Nyumba yako ya pili itakuwa hiyohiyo. Ukizidisha dakika mbili tena, cheti usahau."

Njia nzima Kafedha alipiga hesabu. Shikamoo ya Mama Jumwa huwezi kuikata katikati. Ukiianza, itakupeleka mpaka kwa mgonjwa wa mwisho wa ukoo, na kuikatiza ni tusi kubwa kuliko kutoamkia kabisa. Langoni Chrispine aliinua simu yake. Kafedha akaingia, akaketi, akafungua hojaji. Hakumtazama Mama Jumwa usoni.

"Una watoto wangapi?"

Mama Jumwa akaweka makuti chini. "Kafedha? Hata shikamoo?"

Kafedha akatazama langoni, kisha akatazama karatasi. "Watoto wangapi, mama?"

Mama Jumwa akayaokota tena makuti yake. "Siku zote nilikuwa na wawili," akasema, "mwanangu na wewe. Andika tisa."

"Mbuzi?"

"Kumi na wanne."

Kafedha akaandika yote. Alimaliza kwa dakika tisa.

Alasiri Chrispine aliziweka hojaji mbili ukutani bega kwa bega, watoto tisa na watoto tisa, mbuzi kwa mbuzi, na ukumbi mzima ukapiga makofi. "Watu wawili tofauti, jibu moja," akasema. "Huo ndio ukweli uliothibitishwa." Kafedha akaitwa mbele kwanza. Akapokea cheti kwa mikono miwili, na jioni akarudi nyumbani kwa njia ya nyuma, isiyopita mlangoni kwa Mama Jumwa.