Mbili Zako, Mbili Zangu

Mimi na mume wangu tuna kadi moja ya benki, na namba yake ya siri tumegawana: mbili za mwanzo anazijua yeye, mbili za mwisho nazijua mimi. Msicheke. Yeye ndiye aliyeanza, alipotoa akiba yetu akanunua injini isiyo na gari. Nami kwa hasira nikatoa iliyobaki nikanunua kabati la vioo. Tangu hapo kila mwisho wa mwezi tunafuatana hadi kwenye mashine. Anabonyeza zake nikiwa nimegeuka, nabonyeza zangu akiwa amegeuka.

Nyumbani utaratibu huo haukuwahi kutuponza. Ugenini ndiko ulikotuumbua.

Binti yetu, anayefanya kazi nchi jirani, alikuwa amejifungua kwa upasuaji. Mumewe alikuwa safarini, na binti hana hata mtu wa kumbebea mtoto ili apumzike. Tuliposhuka kwenye mji wa kwanza baada ya mpaka, lilibaki basi moja tu la kwenda kwake siku hiyo, na nauli ni kwa pesa za kwao. Tukaingia duka la kubadilisha fedha. Keshia alizitazama noti zetu, akazirudisha chini ya kioo.

"Mama, pesa za kwenu leo hatuchukui, zimetujaa. Labda dola."

Dola! Ningekuwa na dola ningekuja kubanana kwenye basi?

"Kama mna kadi, mashine ile pale nje," akasema.

Spana, ndivyo mtaa mzima unavyomwita mume wangu kwa ufundi wake wa magari, akaichomeka kadi kwa madaha. Akabonyeza zake, nikabonyeza zangu. Mashine ikakataa.

"Umekosea zako," akasema.

"Mimi? Zangu nazijua hata usingizini."

Tukarudia. Ikakataa tena, safari hii na onyo: tukikosea tena, kadi inamezwa. Ng'ambo ya barabara konda alikuwa ameshaanza kuita abiria. Nikamgeukia Spana nikiwa na maneno ya kumtosha hadi jioni, ndipo nikauona mkono wake. Kidole kilikuwa juu ya vitufe, kinakwenda huku, kinarudi kule, hakibonyezi.

"Mama watoto," akanong'ona, "sizikumbuki. Zimenitoka kabisa."

Hasira zote zikaniisha. Huyu ni mtu anayesikia gari likipita akakutajia ugonjwa wake. Lakini siku za karibuni amekuwa akiwaita watoto wa jirani kwa majina ya wanetu, nami nimekuwa nikijifanya sisikii. Niliogopa, nasema kweli.

"Sogea," nikamwambia. Nikabonyeza mbili zake, kisha mbili zangu. Mashine ikanguruma, ikatoa noti.

Alinitazama, mdomo wazi. "Umezijua lini?"

"Mwezi ule ule wa kwanza. Siku hiyo ulibonyeza ukizitaja. Nimekupa mgongo, masikio je?"

"Miaka yote hii! Na hujawahi kuja kutoa peke yako?"

"Sijawahi."

"Kwa nini, mwanamke? Si ungejaza nyumba makabati!"

Nikamwambia ukweli. "Ningekuja peke yangu, wewe ungetoka na mimi lini? Siku nyingine zote ukitoka gereji ni kula na kulala. Mwisho wa mwezi unaoga mapema, unavaa shati safi, tunatembea mimi na wewe."

Tulikimbia, tukakata tiketi, tukaliwahi basi likiwa limeshaanza kusogea. Tulipokaa alinishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu tuoane.

"Zangu zishike wewe," akasema. "Ila mwisho wa mwezi usiende bila mimi. Hata nikisahau tunakokwenda, nivalishe shati, twende."