Mlenda wa Baharini

Jua lilipounguza mahindi ya kijiji cha Kwamsisi, mboga nazo zilikwisha. Mchicha ulinyauka, mlenda haukuota, na Bi Hamisa akawa anameza matonge mawili ya ugali kwa chumvi, kisha anasukuma sahani. Mkwewe Maryamu, aliyeolewa pale akitokea pwani, aliona mifupa ya mabega ya mama huyo ikizidi kujitokeza.

Shangazi yake Maryamu, mkulima wa mwani, alimtumia kiroba cha mwani mkavu. Maryamu aliuosha mpaka mchanga na chumvi vikaisha, akauroweka, akaukatakata, akaupika kwa kitunguu na karanga za kutwanga. Ukalainika, ukateleza. Bi Hamisa alichovya tonge, akachovya tena.

"Mlenda huu umeupata wapi, mama Ikram?" alimuuliza mkwewe.

Maryamu alijua hapo ndipo pa kusema. Lakini mama alikuwa anakula.

"Nimeletewa, mama."

Wakaendelea hivyo, na Bi Hamisa akaanza kupata nguvu. Hata siku moja akaingia jikoni kutafuta kiberiti, akakuta beseni la mwani uliorowekwa, shombo ya bahari imejaa chumba kizima.

"Kumbe ndicho unachonilisha?"

"Ni chakula kizuri, mama. Kina madini, na hakingoji mvua wala mbolea..."

"Sijauliza kina nini. Nauliza kwa nini ulinificha."

Tangu siku hiyo Bi Hamisa alijipikia mwenyewe, mafiga yake nje ya mlango wake, majirani wakitazama. Mwanawe Zaidi, mumewe Maryamu, aliwasihi wote wawili mpaka akachoka. Mama akarudia ugali wa chumvi. Asubuhi moja, akiinuka kwenye mkeka wa kuswalia, aliyumba akashika ukuta.

Maryamu alibeba kiroba, akaketi chini mbele yake.

"Nisamehe, mama. Niliogopa utakataa. Uoshe mwenyewe, upike mwenyewe. Mimi nitaonja kwanza."

Bi Hamisa akavuta beseni. Alipika taratibu, wakala sahani moja.

"Mwani hauna kosa," alisema akinawa. "Hata ungeniambia siku ile, ningekula."

Maryamu akammiminia maji mikononi.

Kesho yake Bi Hamisa aliagiza aletewe mwani mwingine. Akasisitiza uwe mkavu, usiopikwa, auoshe kwa mikono yake.