Gundi Kwenye Kaunta

Duka la juisi lilikuwa na nzi wadogo, wale wanaozaliwa kwenye matunda yaliyoiva kupita kiasi, na Mama Vikombe ndiye aliyepata dawa yao. Aliitwa hivyo kwa sababu kazi yake ilikuwa kuosha vikombe, na alikuwa ameviosha mpaka vidole vyake vikawa na mikunjo isiyokauka. Dawa yenyewe ilikuwa mmea mdogo ndani ya kopo la maziwa, dirishani juu ya sinki. Majani yake membamba yalikuwa na vinywele vyekundu, na kila kinywele kilibeba tone linalong'aa kama umande. Nzi akitua kunywa, amenasa. Jani lilimkunja polepole, kama mtu anayekunja mkeka, mpaka akabaki ganda.

Wafanyakazi waliuita Gundi. Haukuwa na makuu: jua la dirishani na sahani ya maji ya mvua, basi. Hata jani lililokatika, ukiliacha lielee kwenye glasi, lilitoa vichipukizi.

Nyuma ya duka palikuwa na chumba kilichowahi kuwa stoo. Mama Vikombe alilala humo bure, maana usiku alikuwa pia mlinzi. Goti lake lilikuwa bovu na umri ulishamtupa mkono. Akifukuzwa hapo, angekosa kazi na paa kwa siku moja.

Mananasi yalimenywa na binti mmoja ambaye wote walimwita Nanasi. Alikaa kwa kaka yake, akilala koridoni, na kila asubuhi wifi yake alimruka kama gunia. Siku moja mvua ilipomzuia kwenda nyumbani, Mama Vikombe alimwambia, "Mwanangu, lala hapa. Kitanda kinatutosha." Akampa upande wa ukutani, akamfunika shuka lake jipya. Kulipokucha, Nanasi alikaa kitandani akikitazama kitasa. Hakuwa amewahi kulala nyuma ya mlango unaofungwa kwa ufunguo.

Wiki hiyohiyo bwana afya akaja kukagua. Mama Vikombe alikuwa uani akianua vitambaa. Nanasi alimwona yule bwana akivuka barabara na mkoba wake. Akalitoa kopo dirishani, akalipangusa vumbi vizuri, akaliweka katikati ya kaunta, kando ya mirija.

Bwana afya aliinama. Majani yalikuwa yamejaa vidoa vyeusi, mabawa na miguu. Nzi mmoja alikuwa bado hai, akipiga mguu mmoja.

"Hawa wote wamekamatwa humu ndani?"

Mwenye duka, ambaye wafanyakazi walimwita Tajiri, akatokwa na jasho. "Nani kaleta huu uchafu hapa?"

"Ni wa Mama Vikombe huo," alisema Nanasi, akiendelea kumenya. "Mimi nimesema mpaka nimechoka. Anaacha ndoo ya maganda wazi makusudi, mmea wake upate chakula. Anaulisha kama mjukuu!"

Mama Vikombe alikuwa amefika mlangoni na vitambaa vyake. "Mwanangu, ndoo ya maganda si iko miguuni pako?"

"Mnaona anavyonigeuzia kibao? Mtu mzima hovyo!"

Bwana afya aliinua kikombe kimoja kwenye mwanga. "Vikombe vya huyu mama ni visafi," alisema kwa upole. "Tatizo ni ndoo. Fungeni leo, msafishe, kesho nitarudi." Kabla ya kutoka, alimsogezea Mama Vikombe kiti.

Lakini Tajiri alikuwa ameaibika mbele ya wateja.

"Kusanya vyako, mama. Chumba nakitaka leo. Nanasi atalala humo, alinde duka."

"Tajiri, niko hapa tangu baba yako yu hai."

"Baba alikuwa na huruma. Ndiyo maana kanirithisha nzi."

Wateja wawili wakacheka.

"Basi nivumilie mpaka mwisho wa mwezi. Sina pa kwenda."

"Mji mzima huu, utakosa kibaraza?"

Vitu vyake vyote vilienea ndani ya mfuko mmoja. Akanyoosha mkono achukue kopo.

"Hilo liache," alisema Tajiri. "Nzi nitawakamata na nini?"

Nanasi alilirudisha kopo dirishani, ufunguo wa chumba tayari ukining'inia kidoleni. "Enhe, huu unanyweshwa maji gani?"

Mama Vikombe aliukumbuka mmea wake wa kwanza, ulivyogeuka mweusi jani baada ya jani. Angeweza kusema lolote.

"Ya mvua tu. Mtungi uko nyuma ya mlango wa uani. Ya bomba yana chumvi, yanauua."

Nanasi alimkazia macho, kisha akaangua kicheko. "Mama wewe! Nikutoe chumbani kwako, halafu unieleze ukweli? Unaniona mtoto mdogo? Ningekuwa wewe, ningedanganya."

"Najua, mwanangu."

Nanasi akafungua bomba, akaijaza sahani mpaka ikafurika. Kisha akauburuta ule mtungi, akaumwaga wote uani, akisimama mbali maji yasimrukie, kana kwamba ni sumu.

Mama Vikombe alichukua mfuko wake. Alipopita kaunta aliikuta ndoo ya maganda iko wazi bado. Akainama kwa shida, akaifunika.

"Usiguse vitu vya watu!" Nanasi alipiga kelele kutoka uani. "Toka!"